Jibu: Chihuahua anafaa nyumba yenye watoto wadogo?

Dada, umesema uko Chikongola, Mtwara, una watoto wa miaka 2 na 4, na unataka Chihuahua, yule mbwa mdogo sana, wa kufuga ambaye pia atalinda. La ulinzi lisahau. Atabweka mpaka jirani aje kuuliza kulikoni, lakini mbwa wa kilo 2 au 3 mwizi anamruka tu. Kama unaogopea magunia ya korosho, chukua mbwa wetu hawa wa kawaida.

Kinachonitia wasiwasi ni hao watoto. Mifupa ya Chihuahua ni myembamba, na wengi wana utosi laini kama wa mtoto mchanga, ambao kwa baadhi yao haufungi maisha yote. Huyo wa miaka 2 akimdondosha kutoka kwenye kochi, mguu umekwenda. Mbwa naye akibanwabanwa anang'ata, hana subira kabisa. Tena akiwa mdogo anatakiwa ale kidogokidogo, mara 4 hivi kwa siku. Akishinda njaa sukari inashuka, anaanza kulegea na kutetemeka. Mchana nani anabaki nyumbani?

Joto la Mtwara atalivumilia kuliko baridi, ila saa 7 mchana asiachwe kwenye sakafu ya saruji inayowaka. Uani pia asikae peke yake akiwa bado mdogo, mwewe wanaobeba vifaranga wetu hawachagui.

Mimi ningesubiri mdogo afike darasa la kwanza. Ukishindwa kusubiri, mwone kwanza mama wa huyo mbwa, na usikubali kuuziwa mtoto wa mbwa wa chini ya wiki 8.