Ukitaka kuwakusanya Wapresbiteri waliotawanyika, anza na wazee

Mpresbiteri akihamia Mwanza, Jumapili ya kwanza humpa kazi. AIC (African Inland Church) wako kila mtaa, Wakatoliki na Walutheri huna haja ya kuulizia njia ya kwao, Waanglikana wana dayosisi yao ya Victoria Nyanza. Sisi ni wachache, na wachache wenyewe tumetawanyika: huyu Buhongwa, yule Igoma, mwingine ng'ambo Sengerema. Nilipofika hapa kutoka Dar es Salaam nilisali kwa majirani miaka miwili. Walinipokea kwa upendo, sina neno baya juu yao. Lakini kiu ya ibada ya kwetu haikuisha, na kila Mpresbiteri niliyekutana naye alikuwa na kiu hiyo hiyo.

Ndipo nikafungua grupu la WhatsApp. Tulianza watu 11. Hakuna aliyezungumzia kujenga jengo wala kushona sare za kwaya. Tulitaka kanisa ambalo muuguzi wa zamu ya usiku ataliweza, mwanafunzi wa Nyegezi asiye na nauli ataliweza, na mama wa Igombe anayeanika dagaa asubuhi kutwa ataliweza. Siku hizi ndugu wa Musoma na Bukoba wananipigia kuuliza tulifanyaje. Nawaandikia wao, na naanzia pale nilipokosea.

Nilikuwa admini peke yangu. Mimi ndiye niliyetuma somo la asubuhi, mimi niliyepanga maombi ya saa tatu usiku, mimi niliyejua nani anaumwa na nani amefiwa. Watu wakanisifu, nami nikaona kazi inakwenda. Kisha mwanangu wa pili akalazwa wiki tatu. Simu niliishika kwa ajili ya daktari na ndugu tu. Grupu likanyamaza siku ya kwanza, ya pili, ya kumi. Nilipolifungua tena nilikuta matangazo ya viwanja, ujumbe wa kusambazwa wenye vitisho kwamba usipoutuma kwa watu 20 utapata balaa, na chini kabisa dada mmoja akiuliza, "Jamani, mama yetu yuko wapi?" Hakuna aliyemjibu. Hawakukosa upendo. Hakuna aliyejua kwamba kujibu ni kazi yake.

Nilikaa pale kwenye benchi la wodi nikalia, kwa sababu nilielewa kwamba sikuwa nimekusanya kanisa. Nilikuwa nimekusanya watu wanaonijua mimi.

Jina letu lenyewe lilikuwa limekwisha kunionya. Presbiteri linatokana na neno la Kigiriki presbuteros, yaani mzee. Waskoti walipojitenga na mamlaka ya Papa mwaka 1560, John Knox akiwa miongoni mwa viongozi wao, baada ya yeye kukaa Geneva na kuyaona matengenezo ya kanisa yaliyoongozwa na Calvin, ubishi haukuishia hapo. Waliendelea kuvutana kama kanisa liongozwe na maaskofu au na mabaraza ya wazee hadi mwaka 1690, ndipo utaratibu wa wazee ukasimama moja kwa moja. Miaka 130 watu waliteseka ili kanisa lisikae mkononi mwa mtu mmoja, nami nikaliweka ndani ya simu yangu.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza, na ukisahau mengine usisahau huu: kabla ya kufikiria saa, mahali au nyimbo, tafuta watu watatu watakaobeba mzigo pamoja nawe. Sisi tuliwachagua mwalimu mmoja mwanamke, dereva wa bajaji, na baba mmoja mstaafu wa reli. Hatukuwaita wazee, maana mzee kwetu huchaguliwa na usharika na kuwekwa wakfu, na sisi hatukuwa usharika. Tuliwaita walezi. Kila mmoja akapewa majina yake kwenye daftari, si zaidi ya 12, na kazi moja: kumpigia kila mtu simu mara moja kwa wiki mbili. Kupiga, si kuandika. Sauti ya mtu inakwambia mambo ambayo ujumbe unayaficha. Dereva wetu wa bajaji ndiye aliyegundua kwamba kijana mmoja hali chakula cha mchana, kwa sababu tu alimsikia anavyohema.

Haya si mageni. Nilikolelewa, usharika uligawanywa mitaa, na kila mtaa ulikuwa na mzee aliyejua hata jina la mbuzi wa mgonjwa. Tulichobadilisha ni kwamba mtaa wetu umeenea kutoka Igoma hadi ng'ambo ya maji.

Sasa habari ya mwezi, ambayo wengi hawaielewi mpaka waishi kando ya ziwa.

Dagaa huvuliwa usiku wa giza. Wavuvi huingia ziwani na taa, zamani karabai, siku hizi nyingi za sola, dagaa wakaufuata mwanga. Mwezi ukiwa mkubwa taa haina nguvu, basi mitumbwi hupumzika siku kadhaa kabla na baada ya mwezi mpevu. Kwenye mwalo, yaani pale mitumbwi inapotia nanga na samaki kushushwa, maisha yote yanafuata kalenda hiyo: lini kuna hela, lini madeni yanalipwa, lini baba yuko nyumbani. Mwanzoni tulipanga ibada ya pamoja kwenye mwalo wa Igombe Jumapili saa nne asubuhi, kama tulivyozoea mjini. Majira ya usiku wa giza, saa nne asubuhi wanaume wamelala hoi na wanawake wako juani wanageuza dagaa kwenye vichanja, wakitazama mawingu. Tulikuja mara tatu, tukakuta watoto tu. Mwenzetu mmoja akasema watu wa mwalo hawampendi Mungu. Mama yule wa Igombe akamjibu taratibu, "Mwanangu, mvua ikinyea dagaa wangu leo, kesho ada ya shule utanipa wewe?"

Tukahamishia ibada Jumapili jioni, ile iliyo karibu na mwezi mpevu. Mitumbwi iko nchi kavu, dagaa wamekwisha kuanuliwa, mwanga upo bila taa. Mara ya kwanza walikuja watu 30 na kitu, na nusu yao hawakuwa Wapresbiteri.

Mstaafu wetu wa reli alikuwa na wasiwasi. Wazee wetu wa imani waliishika sana siku ya Bwana, na aliogopa tukianza kufuata mwezi, kesho tutafuata ratiba ya mpira. Nilimkasirikia kimoyomoyo. Baadaye niliona alitusaidia. Yeye ndiye aliyesisitiza kwamba saa ibadilike lakini iwe Jumapili, na kwamba Jumapili nyingine zote kila mtu asali mahali alipo, kwa jirani au nyumbani, kwa somo lile lile tulilotumiana. Mweke mtu wa namna hiyo kati ya walezi wako. Mwenye kuuliza "je, tumeacha nini?" ni wa thamani kuliko watano wanaoshangilia kila jipya.

Kuhusu simu, niseme kwa ufupi. Nusu ya watu wa mwalo wana vitochi, hawamo kwenye grupu lolote. Ukiweka kila kitu WhatsApp umewafungia mlango. Mlezi wao huwapigia na kuwasomea somo. Walio na simu janja tunawatumia sauti ya dakika tatu, isiyomaliza bando, na grupu tumelifunga usiku. Ujumbe wa kusambazwa hauruhusiwi, hata ukiwa wa kiroho. Fedha hazipiti kwenye namba ya mtu mmoja. Tuna daftari, watia saini wawili, na hesabu husomwa kwa sauti kila mwezi. Mambo haya yanaonekana madogo, lakini nimeona kikundi kizuri cha maombi kikivunjika kwa shilingi 85,000 za rambirambi ambazo hakuna aliyejua zilikwenda wapi.

Halafu iandikieni presbiteri, yaani baraza la wachungaji na wazee linalosimamia sharika za eneo, mapema. Sisi tulichelewa kwa hofu kwamba tutaambiwa tuache. Barua ilijibiwa baada ya miezi saba, na jibu lilikuwa maswali mengi: ni nani anawafundisha, meza ya Bwana mnaifanyaje, watoto wanabatizwa na nani. Yalikuwa maswali ya haki. Kwetu ushirika mtakatifu na ubatizo huongozwa na mchungaji aliyewekwa wakfu, na tulikuwa tumevumilia bila hivyo muda wote huo, jambo lililowagusa. Walipouliza kama kusanyiko lisilo na jengo ni la Kipresbiteri, mwalimu wetu aliwakumbusha waamini wa kwanza waliomega mkate nyumba kwa nyumba. Akaongeza kwamba mwaka 2012 Baraza Kuu la Kanisa la Presbiteri la Marekani, lilipokutana Pittsburgh, liliazimia kusaidia kuanzisha jumuiya mpya za ibada 1001 ndani ya miaka 10. Hatukusema tunawaiga. Tulitaka wajue kwamba hatujatoka nje ya boma.

Mchungaji sasa anakuja mara mbili kwa mwaka, anapanda basi usiku kucha. Na mchungaji wa AIC wa pale mwaloni tulimwendea kabla ya ibada ya pili, tukamwambia hatukuja kuchukua kondoo wake. Alitupa mabenchi. Fanyeni hivyo hata kama mnaona aibu.

Mwezi ujao kuna ubatizo wa kwanza: mtoto wa miezi minne, bintiye yule kijana aliyekuwa hali mchana, ambaye sasa ni msaidizi wa mlezi wake. Majirani wa AIC huzamisha, tena watu wazima walioamini. Kwa hiyo watoto wa mwaloni wameuliza kama mtoto atatoswa ziwani, na bibi yake ameuliza hivyo hivyo kwa hofu zaidi. Tumewaeleza kwamba mchungaji atamwagia maji kichwani, na kwamba maji yatachotwa pale pale ziwani asubuhi, mbali na mitumbwi. Mstaafu wa reli ameomba awe yeye wa kuyachota. Bakuli litatoka kwa mama wa Igombe, amelinunua jipya sokoni Kirumba, jeupe, na mpaka siku hiyo liko kwangu juu ya kabati.