Homa ya surua ilishuka, sasa imerudi

SWALI: Shikamoo dokta. Mwanangu ana miaka 2. Wiki iliyopita alianza na homa kali, mafua, kikohozi na macho mekundu. Siku ya 4 vipele vikatoka nyuma ya masikio, vikashuka usoni hadi miguuni. Tukaambiwa ni surua. Homa ikapoa, vipele vikaanza kufifia, nikamshukuru Mungu. Jana usiku homa imerudi, anakohoa na hataki kula. Jirani amenipa amoksilini ya maji iliyobaki nusu chupa alipougua mwanawe. Nimpe? Na mbona hospitali hawakumpa antibayotiki tangu mwanzo? – Mama wa watoto watatu

JIBU: Marahaba, mama. Swali lako halikuweza kungoja gazeti litoke, ndiyo maana nilikupigia siku ile ile. Naliandika hapa kwa ajili ya wazazi wengine.

Utakumbuka kwamba kabla ya kuzungumzia dawa nilikuomba umvue mtoto fulana, umwache atulie, kisha uhesabu pumzi zake dakika nzima huku ukitazama saa. Kifua kikipanda na kushuka, hiyo ni moja. Ulihesabu 52. Kwa mtoto wa mwaka 1 hadi miaka 5, kuanzia 40 kwa dakika ni kuhema haraka. Kwa wa miezi 2 hadi 11, kuanzia 50. Nikakuomba uangalie chini ya mbavu, kama panabonyea ndani anapovuta pumzi. Hapakubonyea, lakini 52 zilitosha, nikakuambia umpeleke usiku ule ule. Ilikuwa nimonia.

Hospitali hawakukosea siku ya kwanza. Surua ni virusi, na antibayotiki haiui virusi. Lakini surua huudhoofisha mwili usiweze kujikinga, na udhaifu huo huendelea kwa wiki hata miezi baada ya vipele kuisha. Bakteria hupata mwanya, wakaingia mapafuni au masikioni. Ndiyo maana homa inayorudi vipele vikiwa vinafifia hunitia hofu kuliko ile ya mwanzo, hata kama ile ya mwanzo ilikuwa kali zaidi. Hapo ndipo antibayotiki inapokuwa na kazi.

Ile nusu chupa ulifanya vyema kutoigusa. Ni kweli mwanao ameandikiwa amoksilini hiyo hiyo, na najua ulijiuliza kwa nini nilikukatalia. Kipimo hufuata uzito wa mtoto, na dawa ya unga ikishachanganywa na maji haidumu zaidi ya wiki moja au mbili. Tena ungempa nyumbani, nani angemsikiliza kifua? Maliza siku zote ulizoandikiwa, hata akianza kucheza kesho. Kwa homa, parasetamoli kwa uzito wake inatosha. Aspirini usimpe kamwe.

Kuna jambo moja hukuliuliza, nami siwezi kulipita. Mwaka wangu wa kwanza kazini nililetewa msichana mdogo aliyefunikwa uso kwa kitambaa kwa sababu mwanga ulimuumiza. Surua ilikuwa imekwisha. Nilipofungua jicho la kushoto, pale palipotakiwa kuwa na kioo cheusi palikuwa na wingu jeupe. Alikuwa ametibiwa mahali fulani kabla ya kuja kwetu, na hakuna aliyempa vitamini A. Jicho lile halikuona tena. Tangu siku hiyo kila mtoto wa surua namuulizia vitamini A kabla ya kitu kingine chochote. Mwenye mwaka 1 na zaidi hupewa yuniti 200,000 siku ya kwanza, na kiasi hicho hicho kesho yake. Wako, uliniambia, alipewa mara moja tu. Waambie watakaomwona. Na usitie machoni kitu chochote ambacho hakikuandikwa na daktari.

Mtazame pia mdomoni. Vidonda vya mdomo ndivyo mara nyingi humfanya mtoto akatae chakula. Mpe kidogo kidogo, mara nyingi. Akivutavuta sikio au likitoa usaha, au akiharisha, mrudishe. Akishindwa kunywa kabisa, akitapika kila kitu, akipata degedege au akilegea na kuwa mgumu kuamka, usingoje kukuche.

Wale wawili waliobaki wamekwisha kukaa na mgonjwa, kwani surua huambukiza siku 4 kabla ya vipele na siku 4 baada yake. Chanjo huweza kuuwahi ugonjwa ikitolewa ndani ya saa 72 tangu mtoto akutane na mgonjwa, na saa hizo zimepita. Homa kwao, ikija, huchukua kama siku 10 tangu waambukizwe. Hata hivyo, kama dozi zao 2 hazijakamilika, bado zinahitajika. Utakapompeleka mgonjwa kuangaliwa tena, chukua na kadi zao.