Kabla hujavaa miwani ya Lumumba

Nilipopata miwani inayofanana na ya Patrice Lumumba, nilidhani kazi ya kujigeuza yeye kwenye picha imekwisha. Nikachonga ndevu, nikafunga tai, nikaweka kamera kwenye stendi na kujipiga picha arobaini hivi. Zote zilinionyesha bwana harusi aliyechelewa.

Aliyenitia hamu hii ni mpiga picha Samuel Fosso, mzaliwa wa Cameroon wa mwaka 1962, aliyefungua studio Bangui, mji mkuu wa Jamhuri ya Afrika ya Kati, akiwa na miaka 13 tu. Mkanda wa filamu wa wateja ukibakiza nafasi chache, alijipiga mwenyewe ili amtumie bibi yake Nigeria. Mwaka 2008, katika mfululizo wa picha uitwao African Spirits, akajigeuza Lumumba, Nkrumah, Haile Selassie, Angela Davis na wengineo. Mimi nilidhani anaiga watu, kumbe anaiga picha. Mtazame akiwa Muhammad Ali, mishale imemchoma mwilini: hilo ni jalada la jarida la Esquire la Marekani la mwaka 1968, ambamo Ali mwenyewe alikuwa ameigiza Mtakatifu Sebastiano wa michoro ya kanisani. Mwigo juu ya mwigo!

Kwa hiyo chagua picha moja, ichapishe, ibandike kando ya kamera. Tafuta kwanza kivuli cha pua kimeangukia wapi, maana hicho ndicho kitakachokuambia taa ilisimama wapi. Nilimaliza siku nzima nikisogeza taa moja, na sura yangu hii hii ikaanza kukubali. Kisha kidevu. Mimi nikiona kamera hukiinamisha bila kujua; katika picha niliyoichagua, Lumumba amekiinua kidogo. Tofauti ni ndogo mno, lakini ndiyo iliyokuwa ikinirudisha harusini.

Usikiamini kioo. Nilichana njia ya nywele mbele ya kioo ikakaa sawasawa, kwenye picha ikatokea upande usio wake. Kamera ya mbele ya simu nayo hukuonyesha kinyume vivyo hivyo. Tafuta pia rimoti, kwani ukitegemea sekunde 10 ambazo kamera husubiri kabla ya kupiga utafika mbele ya lenzi unahema, na shujaa anayehema haaminiki.

Nguo ziache mwisho. Shati langu lilikuwa la kijani kibichi; kwenye picha nyeusi na nyeupe hakuna aliyewahi kulitambua.