Maswali na Majibu: Paka Hana Kiburi, Trei Ndiyo Chafu

Nilitegemea maswali ya chakula, yamekuja ya choo. Sawa. Ila ukiniandikia kwamba paka wako anajisaidia nje ya trei, tafadhali niambie trei yenyewe unaichota uchafu mara ngapi. Nimelisema hili mpaka nimechoka, na bado karibu hakuna anayelitaja.

Dume wangu tangu jana anaingia kwenye trei, anachuchumaa, analia, anatoka bila kitu. Je, ni mchanga mpya nilionunua? (Mbagala)

Muulizaji nilimjibu siku ile ile kwa simu. Naliweka hapa juu kwa ajili yenu wengine. Si mchanga. Dume anayejikamua bila kutoa mkojo huenda mrija umeziba, na paka aliyeziba anaweza kufa ndani ya siku moja au mbili: figo zinashindwa, potasiamu inapanda kwenye damu, moyo unasimama. Daktari wa mifugo, siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku. Wengi hudhani amefunga choo wakaanza kumnywesha mafuta ya kula. Saa zinakwenda.

Paka wangu ana kiburi. Ana trei nzuri lakini anakojolea kochi makusudi. Nimemsugua pua kwenye mkojo, hakomi. (Tabata)

Kiburi hana. Ulichomfundisha kwa kumsugua pua ni kukuogopa wewe, na paka mwenye hofu hukojoa ovyo zaidi.

Kwanza apimwe, maana kibofu kinachouma humfanya aichukie trei. Anadhani ndiyo inayomuumiza. Akiwa mzima, rudi kwenye hiyo "trei nzuri". Nzuri kwa nani? Trei nyingi za madukani ni za kitoto. Paka mzima anahitaji urefu wa mwili wake, pua hadi shina la mkia, mara moja na nusu, la sivyo hawezi kugeuka na kufukia. Mimi natumia beseni kubwa la plastiki la kufulia, nimelikata ubavu mmoja kuwa mlango na kulainisha ukingo kwa msasa. Mchanga uwe wa kina cha vidole vitatu hivi. Chota asubuhi na jioni.

Halafu angalia umeiweka wapi. Kuna aliyeiweka kando ya mashine ya kufulia; siku moja mashine ikaanza kukamua nguo paka akiwa katikati ya shughuli zake, hakurudi tena pale. Wengine huiweka bega kwa bega na sahani ya chakula. Wewe ungekula chooni?

Kama ni dume asiyehasiwa, anasimama mkia juu na kurusha mkojo kwenye pazia, hapo hakuna suala la choo. Anaweka mipaka. Mhasi.

Mchanga wa dukani ni ghali. Naweza kutumia maranda, pumba za mpunga, au majivu kama bibi yangu? (Kilimani, Nairobi)

Maranda yanafaa, lakini muulize seremala ni ya mbao gani. Mbao nyingi za ujenzi zimetiwa dawa ya mchwa, na baadhi ya dawa hizo zina aseniki. Paka hukanyaga, kisha hulamba miguu. Chukua ya mbao zisizo na dawa, na yawe yale ya randa. Vumbi laini la msumeno linaingia kifuani, kwake na kwako.

Pumba za mpunga kwako si tatizo, Mwea haiko mbali. Ni nyepesi, zitatapakaa nyumba nzima, na kwa kuwa hazigandi kuwa madonge zikilowa, utazibadilisha zote kila siku moja au mbili.

Majivu hapana. Yakilowa hutoa ule ukali ambao bibi zetu waliuchuja kupata magadi ya kulainishia maharage. Fikiria miguu na ulimi. Na bibi yako hakuwa peke yake: hata Marekani walitumia majivu na mchanga mpaka 1947, jirani mmoja huko Michigan alipochoshwa na nyayo za majivu nyumbani akaomba kitu kingine kwa Ed Lowe. Huyu alikuwa na udongo mkavu wa kufyonza mafuta yaliyomwagika karakana. Biashara nzima ya mchanga wa paka ilianzia kwenye mfuko ule.

Ukiniuliza mimi, nunua udongo wa bentonaiti unaoganda, wenye chembe ndogo, usio na manukato. Paka wetu anatokana na paka mwitu wa nchi kavu za Afrika na Mashariki ya Kati, na miguu yake bado inapenda kilicho laini kama mchanga. Bei inatisha dukani, lakini unatoa madonge tu na kuongeza kidogo, humwagi wote. Ya manukato waachieni wenyewe. Harufu ya waridi juu ya mkojo inamkera mwenye pua kali kuliko yako, na inakuficha wewe usijue kwamba hujachota. Kwa mtoto wa chini ya miezi mitatu usitumie unaoganda. Watoto wanaonja kila kitu, na ukivimba tumboni ni balaa.

Mchanga wa ufukweni je? Upo bure. (Kigamboni)

Upo bure, na paka wa mtaani walikutangulia kuutumia. Utabeba mayai ya minyoo pamoja nao.

Mke wangu ni mjamzito, mama mkwe anasema paka atupwe. (Morogoro)

Mama mkwe, shikamoo, lakini hapana.

Kimelea anachokisikia kinaitwa toksoplazma, na ni kweli kinaweza kudhuru mimba. Lakini paka hukitoa kwenye kinyesi kwa wiki chache tu, kwa kawaida anapoambukizwa mara ya kwanza, na kinyesi kibichi hakiambukizi papo hapo. Huchukua siku moja hadi tano. Sasa fanya hesabu: trei ikichotwa kila siku, hatari inatupwa kabla haijaiva. Uchote wewe, baba mtarajiwa, miezi yote tisa. Paka asile nyama mbichi wala kuwinda panya.

Kisha geukia jikoni. Mishkaki isiyoiva katikati na kachumbari ya mboga zisizooshwa vizuri huleta kimelea hicho hicho, na sijawahi kusikia mama mkwe akitaka mwenye mishkaki atupwe. Mkeo akilima bustani avae glavu. Na kliniki aulize kuhusu kipimo.

Naweza kumwaga madonge kwenye choo cha kuvuta? (Upanga)

Hapana. Bentonaiti huvimba majini. Fundi bomba atakuelezea vizuri zaidi, kwa malipo. Pia vimelea hupita kwenye majitaka mpaka baharini. Kule California fisi maji wa baharini wamekufa kwa toksoplazma ya paka. Funga kwenye mfuko, tupa na taka.

Naoshea trei Jik ili iue vijidudu vyote. Kwa nini macho yananiwasha? (Mbeya)

Kwa sababu mkojo una amonia, na Jik ikikutana nayo hutoa gesi yenye sumu. Maji ya moto na sabuni ya kawaida vinatosha. Na zile dawa zinazogeuka nyeupe kama maziwa ukizitia majini, usizikaribishe kabisa kwa paka: ini lake haliziwezi.

Nina paka wawili, trei ngapi? (wengi)

Tatu. Na kuzipanga zote tatu sambamba bafuni hakuhesabiki. Kwa paka hiyo ni trei moja ndefu.