Swali la Lugha: Ateri hubeba "damu safi"?

SWALI: Mwanangu yuko darasa la sita. Kwenye zoezi la sayansi ameandika kwamba ateri ni mshipa unaobeba damu safi, na vena ni mshipa unaobeba damu chafu. Mwalimu amemkosesha, wakati sisi ndivyo tulivyofundishwa. Kosa liko kwenye sayansi au kwenye Kiswahili? (Mzazi, Morogoro)

JIBU: Kote kuwili, ndugu mzazi. Ateri haitambuliwi kwa damu iliyomo, bali kwa upande inakoipeleka: mshipa unaotoa damu moyoni ni ateri, unaoirudisha ni vena. Fuata njia yenyewe uone. Damu iliyokwisha kugawa oksijeni mwilini hurudi kwenye chumba cha juu cha kulia cha moyo, hushuka chumba cha chini, kisha husukumwa kwenda mapafuni. Mshipa unaoipeleka huko ni ateri, na iliyomo ndiyo hiyo hiyo aliyoiita chafu! Ikishapata oksijeni, hurudi upande wa kushoto wa moyo kwa vena, na kutoka hapo husukumwa kwenye aota, ateri kubwa kuliko zote, isambae mwilini. Fasili ya mwanao inavunjika kwa kila pigo la moyo.

Kwa upande wa lugha, neno "chafu" ndilo linaloharibu. Katika mazungumzo yetu damu chafu ni damu ya maradhi: ndiyo wanayotaka kuitoa wanaoumikwa, na ndiyo mtaji wa wauza dawa za "kusafisha damu". Sasa mtu huyo huyo aende kuchangia damu, aone mfuko unajaa kitu chekundu kilichokoza, karibu na rangi ya zambarau. Ataanza kujishuku. Hana ugonjwa wowote kwa sababu hiyo. Damu imetolewa kwenye vena ya mkononi, hapo kiwiko kinapokunjikia, na damu yenye oksijeni kidogo ndivyo inavyoonekana.

Na anayeng'ang'ania usafi aende kwenye figo, maana huko ndiko damu inakochujwa urea, ile taka ya mwili inayotoka na mkojo. Ateri ndiyo inayoingiza damu yenye urea zaidi, vena inatoka na iliyochujwa. Chafu ni ipi hapo?

Mwambie mwanao aandike: "Ateri hutoa damu moyoni, vena huirudisha moyoni." Akitakiwa kutaja hali ya damu, aseme "damu yenye oksijeni nyingi" na "damu yenye oksijeni kidogo". Ni maneno marefu, najua, lakini hayapotoshi. Asikimbilie "damu isiyo na oksijeni", ambayo naikuta hata kwa waandishi wazoefu. Mtu akiwa ametulia, damu inayorudi moyoni bado ina karibu robo tatu ya oksijeni iliyoondoka nayo. "Isiyo na" ni kukanusha kabisa, na hapa hakuna cha kukanusha kabisa.

Jambo moja hukuliuliza. Kwenye sentensi ya kwanza afadhali aandike "mshipa wa damu", kisha baadaye aseme "mshipa" tu. Mshipa peke yake waweza kuwa wa fahamu, na mzee akikwambia anasumbuliwa na mshipa, huenda anazungumzia ngiri.