Gundi Imeachia, Lawama kwa Nani?

SWALI: Shikamoo fundi. Nipo Ujerumani, najifunza kazi kwenye karakana ya ndege zisizo na injini. Ganda la bawa tunalipika kwa nyuzi za kaboni ndani ya mfuko wa vakyumu (ulionyonywa hewa), kisha tunabandua filamu ya juu, ile karatasi ya plastiki, tunapangusa kwa asetoni na kubandika mbavu za ndani kwa gundi ya epoksi. Juzi kwenye majaribio ubavu umeng'oka mzima, gundi yote upande wake, ganda jeupe pee. Msimamizi anasema nilichanganya gundi vibaya. Ni kweli?
Msomaji, Stuttgart

JIBU: Marahaba mwanangu. Ganda la kaboni kuwa jeupe sijapata kuliona, ila nimekuelewa: limebaki tupu. Basi gundi haikulishika kabisa. Ingekuwa mchanganyiko mbovu, ungeikuta inanata au laini, na aghalabu ingekatika katikati ikaacha mabaki pande zote mbili.

Mimi naishuku filamu. Imetengenezwa ili resini, ile gundi inayoshika nyuzi za ganda, isiishike. Nyingine ni za fluoropolima (plastiki isiyonata), nyingine zimepakwa silikoni, na hizi za silikoni sizitaki hata karibu na mahali pa kubandika. Joto na mgandamizo huhamishia silikoni kwenye ganda, utando usioonekana kwa macho. Hata kipimo cha mawimbi ya sauti hakikusaidii hapo, maana hukamata mwanya tu. Palipogusana bila kushikana hapaoni kasoro.

Asetoni peke yake haitoshi, lakini ianze yenyewe. Ukitanguliza msasa unaushindilia uchafu kwenye mikwaruzo. Kitambaa kimoja kilicholowa, cha pili kikavu kikifuata nyuma kabla asetoni haijakauka, maana ikijikaukia uchafu unabaki palepale. Halafu msasa mpaka mng'ao uishe, usifike kwenye nyuzi (na uvae barakoa, vumbi hilo si la kuchezea). Pangusa tena, kisha nyunyiza maji yasiyo na madini. Yakitandaa, vizuri, yakijikusanya matone kama juu ya jani la gimbi, rudia. Yakaushe kabisa kabla ya gundi.

Kwa ganda lijalo, tandika chini ya filamu, pale pa kubandika, kitambaa cha poliesta cha kubandua. Hakikisha hakikupakwa dawa ya kuachisha, maana vipo vilivyopakwa. Kibandue siku ya kubandika, si wiki moja kabla, na bado pitisha msasa kidogo.

Na msimamizi usibishane naye. Koroga gundi bakuli moja, bandika vipande viwili: kimoja kama mlivyozoea, kingine kwa utaratibu huu. Ikishaiva, mpe avivute mwenyewe.