Maswali na majibu: Umeghairi safari ya meli ya kitalii dakika za mwisho

Maswali ya wiki hii yote ni ya watu waliolipia meli za kitalii, siku zikakaribia, safari ikashindikana. Majibu yetu yanafuata utaratibu wa kampuni nyingi kubwa za Marekani kwa safari za usiku tano na zaidi, isipokuwa pale tunapotaja nchi nyingine. Jedwali la makato linalokubana wewe limo kwenye mkataba wa abiria uliotumiwa kwa barua pepe siku uliyolipa. Ufungue kabla ya kupiga simu.

Mimi na mume wangu tulilipia meli ya siku saba kutoka Miami. Kazi imembana na zimebaki siku 45. Wakala anasema pesa "zimeshaliwa". Kweli zote?
*Mama wa wawili, Columbus, Ohio*

Si zote, dada. Wakala anazungumzia nauli, na nauli ni sehemu moja tu ya ulicholipa.

Jedwali la kawaida liko hivi. Ukighairi zikiwa zimebaki siku 90 au zaidi, unapoteza arubuni tu, nayo ni pale ulipokubali nauli yenye arubuni isiyorudishwa. Kati ya siku 89 na 75 wanakata asilimia 25. Siku 74 hadi 61, asilimia 50. Siku 60 hadi 31, asilimia 75. Zikibaki 30 au pungufu, nauli yote imekwenda. Safari fupi za usiku mmoja hadi minne huwa na jedwali lao, na makato huanza baadaye kidogo, mara nyingi siku ya 74.

Makato hayo hupigwa kwenye nauli. Kodi na tozo za bandari hurudi hata ukighairi siku moja kabla, kwa sababu kampuni hailipii bandari kichwa ambacho hakikupanda. Bakshishi iliyolipwa mapema hurudi. Vifurushi vya vinywaji na intaneti, pamoja na matembezi ya bandarini uliyonunua kwa kampuni yenyewe, hurudi pia mradi umevifuta kabla ya safari.

Tuseme nauli ni dola 1,100 kwa kila mmoja, kodi na tozo 165, bakshishi dola 18.50 kwa siku kwa mtu, na mmelipia tembezi moja la dola 120 kwa wote wawili. Jumla mmelipa dola 2,909. Mkighairi leo, makato ni asilimia 75 ya 2,200, yaani 1,650. Zinazobaki, dola 1,259, ni zenu. Mkisubiri wiki mbili na siku mbili zaidi "tuone kazini watasemaje", mtaingia siku ya 29 na kurudishiwa 709 tu. Kusubiri huko kumewagharimu dola 550.

Kwa hiyo usimuulize wakala "nitarudishiwa ngapi?" Mwandikie hivi: "Naomba mchanganuo wa malipo ya nafasi namba fulani: nauli, kodi na tozo za bandari, bakshishi, na ziada nyingine, na makato ya leo kwa kila kipengele." Akishaandika mchanganuo, neno "zimeshaliwa" halina pa kukaa.

Niko Nairobi, kampuni iko Miami. Siku ya mwisho kabla makato hayajapanda inaisha saa ngapi kwangu?

Inahesabiwa kwa saa ya kampuni. Miami iko nyuma ya Nairobi kwa saa nane wakati wa baridi kwao, na saa saba kuanzia Machi hadi Novemba. Saa kumi na mbili asubuhi kwako bado ni usiku wa jana kule.

Usijipe raha sana, lakini. Baadhi ya mikataba inasema taarifa iliyofika baada ya saa za kazi huhesabiwa kuwa ya siku ya kazi inayofuata, na Jumamosi jioni inaweza kugeuka Jumatatu. Siku ya meli kuondoka yenyewe haihesabiwi: meli ikiondoka tarehe 30 Juni, siku ya 31 kabla yake ni tarehe 30 Mei. Ukituma tarehe 31 Mei umeshaingia kwenye asilimia 100. Ghairi kwenye tovuti kama kitufe kipo, tuma na barua pepe, kisha dai namba ya kughairi. Bila namba hiyo, kwenye mfumo wao wewe bado ni abiria.

Nimelipa jana jioni na leo nimejuta. Si kuna haki ya saa 24 Marekani?

Hiyo ni ya ndege. Sheria ya Marekani inayotoa saa 24 za kujuta inahusu tiketi za ndege zilizonunuliwa siku saba au zaidi kabla ya kuruka. Meli haimo. Kama uliweka nafasi ya karibu, ndani ya siku 30, asilimia 100 inakukuta tangu dakika uliyolipa. Piga simu leo leo uombe. Wengine hulegeza siku ya kwanza, ila ni hisani yao.

Mama yangu Morogoro amelazwa na nimevunja safari. Nina bima. Kampuni ya bima inataka karatasi mpaka nimechoka. Nini hasa cha lazima?
*Msomaji, Minneapolis*

Pole sana. Hapa ndipo watu wengi hupoteza pesa walizostahili, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Kwanza ni mfuatano. Bima nyingi hutaka daktari awe amemwona mgonjwa na kuthibitisha hali yake kabla hujaghairi, au siku hiyo hiyo. Ukighairi Jumatatu na barua ya daktari ikasema alimpima Alhamisi, umewapa sababu ya kukukatalia. Na ukishajua huendi, ghairi mara moja. Mtu akijua makato yakiwa asilimia 50, akakaa hadi yakafika 75, bima hulipa ile 50 na tofauti inabaki mgongoni mwake.

Pili, ni nani anahesabiwa kuwa "familia". Mama mzazi asiyesafiri naye huwa yumo kwenye bima nyingi, hata akiwa nchi nyingine. Soma ukurasa wa tafsiri za maneno kwenye hati yako. Kwetu mama mdogo aliyekulea ni mama. Kwenye hati ya bima ni "aunt", neno la Kiingereza linalomweka kundi moja na shangazi, na kuna hati zinazomtambua na nyingine zisizomtambua. Usiandike "mama" kwenye fomu kama cheti chako cha kuzaliwa kina jina lingine. Dai zima laweza kuanguka kwa hilo.

Tatu, ugonjwa wa zamani. Bima huangalia nyuma siku 60 hadi 180 kabla ya siku uliyoinunua. Kama katika muda huo mama alibadilishiwa dawa za presha, kisha akalazwa kwa kiharusi, wanaweza kusema ugonjwa ulikuwepo. Kinga yake ni kipengele cha kusamehewa ugonjwa wa zamani, ambacho hupatikana ukinunua bima ndani ya siku 14 hadi 21 tangu malipo ya kwanza ya safari. Angalia tarehe hizo mbili kwenye risiti zako.

Karatasi zenyewe: fomu ya bima iliyojazwa na daktari anayemtibu (barua ya kawaida ya hospitali mara nyingi haitoshi), yenye mhuri, tarehe ya kulazwa na maelezo ya ugonjwa, cheti cha kuzaliwa kuonyesha uhusiano, risiti za malipo, na ankara ya kughairi kutoka kampuni ya meli inayoonyesha kilichokatwa na kilichorudishwa. Hiyo ya mwisho ndiyo inayochelewesha madai mengi, kwa sababu watu hutuma barua pepe ya "safari yako imeghairiwa" isiyo na hesabu. Karatasi za Kiswahili zitafsiriwe na mtafsiri anayetambuliwa.

Kuna pia bima ya kughairi kwa sababu yoyote. Hurudisha asilimia 50 hadi 75, hutaka uwe umeinunua mapema ndani ya siku zilezile 14 hadi 21, na ughairi angalau saa 48 kabla ya kuondoka. Ni ghali, na hatuoni kama inamfaa kila mtu. Ila mwenye wazazi wagonjwa nyumbani aifikirie.

Kimbunga kimetabiriwa Karibi na tunaondoka keshokutwa. Nighairi?

Usighairi wewe. Ukighairi leo umepoteza nauli yote. Kampuni ikighairi yenyewe, unarudishiwa yote. Tangu 2022, kanuni za tume ya shirikisho ya masuala ya bahari ya Marekani zinampa haki ya kurudishiwa abiria anayepandia bandari ya Marekani endapo kampuni itaghairi, au itachelewesha kuondoka kwa siku tatu au zaidi naye akaamua kutopanda. Mara nyingi, hata hivyo, meli hukwepa tu na kubadili bandari. Hapo hupati nauli. Hupata tozo za bandari mliyoiruka, na matembezi ya bandari hiyo kama uliyanunua kwao.

Meli yangu inatoka Piraeus, inapita Kuşadası na Istanbul, inarudi Ugiriki. Viza ya Schengen imetoka ya kuingia mara moja. Pasipoti ni ya Tanzania. Zimebaki siku 20.
*Msomaji, Muscat*

Kaka, kwa viza hiyo hutapandishwa. Meli ikienda Uturuki umetoka Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, na kurudi ni kuingia mara ya pili. Wanakagua mezani kabla ya ngazi ya meli, na mkataba unaweka karatasi zote juu ya abiria. Anayerudishwa hapo hana nauli ya kudai. Bima ya kawaida pia haigusi viza iliyokataliwa au iliyotoka pungufu.

Kwa siku 20, uliza mambo mawili kwa maandishi: kama kampuni inakuruhusu kushuka Istanbul na kumaliza safari hapo (utahitaji ruhusa ya kuingia Uturuki), au kama watakubali uhamie meli nyingine kwa kukatwa kiasi badala ya chote. Yote yakikataliwa, ghairi kabla ya siku yenyewe ili kodi, bakshishi na vifurushi virudi bila mvutano.

Wengine mnaopanga: ombi la viza ya Schengen hupokelewa hadi miezi sita kabla, na jibu kwa kawaida ni siku 15, linaweza kufika 45. Makato yanaanza siku ya 89. Ombeni mapema, miezi mitano kabla, jibu liwe mkononi pesa zikiwa bado salama. Na kwenye fomu ombeni kuingia mara nyingi, mkiambatisha ratiba ya meli yenye bandari ya Uturuki.

Tulikuwa wawili kwenye kebini moja. Rafiki yangu amejitoa siku 12 kabla. Nimtoe kwenye nafasi?

Subiri kwanza. Nauli yake imeshapotea, na bei yako ilipangwa kwa watu wawili. Akiondolewa, mfumo unaweza kukupigia hesabu upya kama mtu pekee, hadi asilimia 200 ya nauli ya mmoja. Omba kubadilisha jina: kampuni nyingi hukubali mradi mmoja wa waliokuwepo mwanzo amebaki na siku bado zipo. Kama huna wa kumweka, uliza kama jina lake linaweza kubaki na ahesabiwe kuwa hakutokea. Vifurushi vyake avifute mwenyewe kabla ya kuondoka, kodi na bakshishi aziombe baada ya hapo.

Niko Leicester. Nimeghairi wiki tano kabla, wamekata asilimia 90. Sheria ya Uingereza haina la kusema?

Inalo. Meli ya kitalii ni usafiri na malazi pamoja, kwa hiyo inaangukia kanuni za vifurushi vya safari za 2018. Unaruhusiwa kughairi wakati wowote kwa ada inayofaa, na ada ya jedwali lazima iwe ya haki, ikizingatia gharama wanazookoa na uwezekano wa kuiuza kebini yako tena. Waandikie uombe sababu za asilimia 90. Kile wanachokubali kurudisha kinatakiwa kikufikie ndani ya siku 14. Kanuni hizo pia zinakuruhusu kumhamishia mtu mwingine safari, na taarifa ya siku saba kabla ya kuondoka haiwezi kuitwa ya kuchelewa. Gharama halisi za kubadilisha unalipa wewe.

Usitegemee kifungu cha 75 cha sheria ya mikopo ya 1974. Kinamlinda mlipaji wa kadi ya mkopo, kwa kitu cha zaidi ya pauni 100 hadi 30,000, pale muuzaji alipovunja mkataba. Hapa aliyejitoa ni wewe.

Wamenipa vocha ya safari ijayo badala ya pesa. Nipokee?

Kama kampuni ndiyo iliyoghairi, usibonyeze "kubali" kabla ya kudai pesa. Kama ni wewe, na makato yalikuwa asilimia 100, vocha ni nafuu. Angalia kama tarehe ya mwisho ni ya kuweka nafasi au ya kusafiri, kama inalipia kodi (mara nyingi hailipii), na kwamba iko kwa jina la kila abiria na haiuziki. Kama una dai la bima linaloendelea, waulize kwanza, maana vocha inaweza kupunguza watakacholipa.

Kampuni inasema imesharudisha, benki haijaona kitu. Nililipa kupitia wakala wa Dar.

Tazama taarifa ya kadi yako ya siku ulipolipa. Jina lililokata pesa ndilo litakalorudisha. Likiwa la kampuni ya meli, pesa hurudi kwenye kadi ileile. Likiwa la wakala, au ulimlipa kwa simu au benki, pesa zimerudi kwake, na yeye anaweza kuwa na ada yake ya kughairi. Ipo tu kama ilikuwa kwenye masharti uliyoyakubali. Muombe uthibitisho wa kampuni wenye kiasi na tarehe.

Ankara ya kughairi ikionyesha kiasi unachodai na wiki mbili zimepita kimya, fungua malalamiko ya kadi kwenye benki yako kwa sababu ya "marejesho hayajafanyika". Hiyo ina nguvu. Malalamiko ya "nimebadili mawazo" hayana. Mwenye kadi ya mkopo ya Marekani asipitishe siku 60 tangu ilipotumwa taarifa ya akaunti yenye kosa. Na usishangae dola zikirudi pungufu kwa shilingi: benki hubadilisha kwa bei ya siku ya kurudi, na tofauti hiyo kampuni hailipi.